Lami Nyepesi au Lami Nzito? Namna ya Kuchagua Lami ya Yadi, Maegesho na Barabara ya Mtaa Dodoma

Tangu Serikali ihamie hapa na mji kupewa hadhi ya jiji Aprili 2018, kila upande unaoelekea, iwe Nzuguni, Iyumbu, Ilazo au Mtumba, utakuta mtu anamwaga kifusi. Kuta zikishasimama na bati likishapigwa, linakuja suala la uwanja. Lodge inataka maegesho. Kanisa linataka ua usiotimua vumbi upepo wa Agosti ukianza. Mfanyabiashara wa nafaka anataka yadi ya malori, na wakazi wa mtaa wamechangishana watengeneze kipande chao cha barabara. Karibu wote wanaanza na swali moja: "Fundi, lami ni shilingi ngapi kwa mita?"

Swali hilo lina nafasi yake, lakini si la kwanza. Lami si kitu kimoja. Nimefanya kazi hii mkoani hapa nikaona fedha za watu zikichukuliwa na mvua za Januari, na mara nyingi lami yenyewe haikuwa mbovu. Ilikuwa lami nzuri iliyowekwa mahali pasipo pake. Fuata hatua hizi kabla hujasaini mkataba wowote.

Zijue kwanza lami zenyewe

Lami nyepesi ndiyo iliyo kwenye barabara nyingi za mitaani. Msingi wa kifusi ukishashindiliwa na kupakwa praimu, yaani lami ya majimaji inayopenya na kufunga uso wa kifusi, gari la kunyunyizia hupita likimwaga lami ya moto, kokoto zikafuata juu yake papo hapo, kisha rola. Baadaye hurudiwa mara ya pili kwa kokoto ndogo zaidi. Kawaida mkono wa kwanza ni kokoto za milimita 14 au 20, wa pili milimita 7 au 10. Ukiisha, unene wote ni kama sentimita mbili. Kitu ambacho wengi hawaambiwi ni kwamba lami hii haibebi uzito. Ni sawa na bati juu ya nyumba: inazuia maji na vumbi, basi. Mzigo wa gari unabebwa na kifusi kilicho chini.

Lami nzito hutoka mtamboni ikiwa tayari imechanganywa: kokoto za ukubwa mbalimbali, vumbi la kokoto na lami ya kati ya asilimia 4.5 na 6 hivi ya uzito wote. Huja kwa lori ikiwa na joto la nyuzi 150 hivi, hutandazwa kwa mashine na kushindiliwa kabla haijapoa. Unene wake huanzia sentimita 4 na kwenda juu, na hii kweli inasaidia kubeba mzigo.

Lami baridi ni kokoto zilizochanganywa na imalsheni, yaani lami iliyosagwa ndani ya maji. Haihitaji moto. Ni nzuri kwa kuziba mashimo na kwa vipande vidogo ambavyo mtambo hauwezi kukuletea mzigo. Usiifanye yadi nzima ya malori.

Kuna pia ota sili, iliyoanzia bonde la Otta huko Norway miaka ya 1960. Ni ndugu wa lami nyepesi, ila inakubali changarawe iliyochanganyika saizi badala ya kokoto zilizochekechwa sawasawa, nayo hutumia lami laini. Kwa kijiji kilicho mbali na machimbo ya kokoto inafaa kuulizia. Ile lami ya matundu inayopitisha maji, ambayo watu huiona kwenye video za Ulaya, iache huko. Vumbi letu litaziba matundu yake mapema na utabaki na lami dhaifu iliyokugharimu zaidi.

Hatua ya kwanza: andika ni gari gani litapita, na litafanya nini likifika

Chukua karatasi. Usiandike "magari" tu. Andika: IST na Noah za wageni kiasi gani kwa siku, fuso ngapi, semi ngapi, gari la taka mara ngapi kwa wiki, boza la maji, lori la kunyonya vyoo. Boza na lori la vyoo husahauliwa kila mara, na ndiyo mazito kuliko yote yanayoingia kwenye ua wa lodge.

Uzito unaharibu barabara kwa namna isiyoonekana kwa macho. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu hauongezeki mara mbili, unaongezeka karibu mara 16. Ekseli moja ya tani 8 inachosha barabara kuliko maelfu kwa maelfu ya ekseli za magari madogo. Kwa hiyo semi mbili kwa siku si "chache". Ndizo zinazoamua.

Kisha andika gari litafanya nini. Kupita moja kwa moja ni jambo jepesi. Kusimama kutwa juani, kufunga breki getini na hasa kukata kona papo kwa papo ni jambo zito sana.

Mwaka mmoja niliitwa kwenye yadi ya nafaka pembezoni mwa jiji. Mwenye yadi, mzee wa makamo, alinipokea getini. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika mkono moja kwa moja: "Marahaba mwanangu. Njoo uone hela zangu." Lami nyepesi ilikuwa na miezi saba tu. Upande magari madogo yanakopita ilikuwa nzima kabisa, nyeusi, imeshika. Lakini pale semi zinapokunja kuingia ghalani, kokoto zilikuwa zimeng'oka na kulundikana pembeni kama mahindi yaliyopukuchuliwa, na msingi mwekundu umebaki wazi. Nikamwomba mzee tungoje gari lifike. Lilipofika, tukachuchumaa tukatazama tairi za nyuma za trela. Ekseli tatu zilizofungwa pamoja haziwezi kuzunguka zote kwenye kona kali, kwa hiyo tairi zinaburuzwa kwa ubavu. Kila mkunjo ulikuwa unakwangua kokoto kama reki. Mkandarasi wake hakuiba lami wala saruji. Hakuuliza tu magari yanakunja wapi. Tulikata pale pa kona, tukamwaga zege lenye nondo, sehemu nyingine yote ikaachwa kama ilivyo.

Ukishaijua kona yako iko wapi, chora. Hata kwa mkono, hata kwa kalamu ya wanao.

Hatua ya pili: chimba kabla ya kuchagua

Chimba mashimo matatu, kila moja kina cha mita moja, mahali tofauti kwenye kiwanja. Kazi hiyo ni ya vijana wawili na sururu, asubuhi moja tu. Kinachotoka humo kina neno kubwa juu ya aina ya lami kuliko bei.

Ukikuta udongo mwekundu wenye mchanga au changarawe ya mawe ya matale, shukuru. Sehemu kubwa ya Dodoma iko hivyo na unashindiliwa vizuri. Ukikuta udongo mweusi wa mbugani, simama. Unautambua Oktoba kwa nyufa zinazoingiza kiganja, na Februari kwa kushika kiatu usiweze kunyanyua mguu. Chukua donge, loweka, lisokote katikati ya viganja kama mtu anayesokota kamba. Likifika wembamba wa njiti ya kiberiti bila kukatika, huo ni mfinyanzi. Ukipata maji unavimba, ukikauka unasinyaa, na hakuna lami inayoweza kuuzuia. Utaona ufa mrefu unaofuata ukingo wa barabara, kwa sababu ukingoni ndiko unakokauka na kulowa haraka kuliko katikati.

Kwenye udongo huo una njia tatu. Ya kwanza ni kuuondoa, si chini ya nusu mita na mara nyingi zaidi, kisha kujaza kifusi kizuri. Ya pili ni kuufunika kwa tuta nene na kupanua mabega ya barabara ili kukauka na kulowa kuishie nje ya njia ya tairi. Ya tatu, kwa uwanja wa magari madogo, ni kuacha lami na kupanga tofali za pevingi. Zikibonyea unazing'oa, unasawazisha mchanga, unazirudisha. Lami haina ruhusa hiyo. Na usipande mti karibu na ukingo. Mwarobaini unapendeza kwa kivuli, lakini mizizi yake inakausha udongo huo mweusi upande mmoja na barabara inainamia huko.

Kwa barabara ya mtaa au yadi ya malori, lipia kipimo cha DCP. Ni fimbo ya chuma yenye ncha, inayopigwa na nyundo ya kilo 8 inayodondoka sentimita 57.5. Fundi anahesabu ncha inazama milimita ngapi kwa kila pigo, na kutokana na hapo anajua nguvu ya ardhi kwa kila kina. Msingi wa juu kabisa, ule unaopokea lami, miongozo ya nchi yetu kwa barabara za kawaida hutaka kifusi chenye CBR, yaani kipimo cha uwezo wa kifusi kubeba mzigo, ya 80 baada ya kulowekwa majini siku nne. Ndicho utakachosikia kikiitwa G80. Barabara ndogo zenye magari machache zinaruhusiwa kutumia kifusi cha daraja la chini. Mwambie mkandarasi akuonyeshe karatasi ya maabara ya kifusi kile kile anachokuletea, si cha machimbo mengine.

Hatua ya tatu: yatafutie maji njia

Mvua yetu si nyingi. Kwa mwaka hufika milimita 550 hadi 600, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Lakini hainyeshi kwa upole. Inakuja kwa dakika arobaini ikijaza makorongo, kisha jua. Lami inakufa kwa maji yanayosimama juu yake au kupenya kutoka pembeni.

Weka mteremko wa asilimia 2.5, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita. Chora maji yanakotoka na yanakokwenda, na hakikisha hayamwagiki kwa jirani. Kama fedha haitoshi mtaro na lami kwa pamoja, jenga mtaro mwaka huu, lami mwakani. Nalisema hili kwa uzito wote, kwa kuwa kila mwaka naona kinyume chake: lami inawekwa kwanza ili ionekane, mtaro unasubiri bajeti, na bajeti inakuja kukuta mashimo.

Hatua ya nne: sasa chagua

Maegesho ya nyumbani, ua wa kanisa, njia ya kuingia shuleni, barabara ya mtaa yenye bajaji, bodaboda na gari dogo: lami nyepesi ya mikono miwili inatosha, mradi msingi uwe imara. Usikubali mkono mmoja kwa sababu ya bei. Mkono wa pili ndio unaofunga mapengo kati ya kokoto za kwanza.

Barabara ya mtaa inayopitisha daladala na fuso za mchanga, au yenye mlima mkali na kituo cha magari: lami nzito ya sentimita 5. Huhitaji kuiweka kote. Kwenye kipande cha mita 400 unaweza kuweka lami nyepesi penye tambarare na lami nzito mita 60 za mlimani na kwenye kituo. Wakandarasi hawapendi mchanganyiko huo kwa sababu unawaletea mashine mbili, lakini fedha ni yako.

Yadi ya semi, kama wanazozihitaji wafanyabiashara wa mahindi kule Kibaigwa: lami nzito kwenye njia za kupita, zege mahali pa kukunja, kupakia na kuegesha. Miguu ya chuma ya trela ikisimamishwa juu ya lami saa saba mchana itazama. Chini ya miguu hiyo ni zege tu.

Gereji na kituo cha mafuta: usiweke lami ya aina yoyote sehemu ya kujazia na kumwagia oili. Dizeli inayeyusha lami. Dondosha matone machache kwenye kipande cha lami, subiri, kisha kwaruza kwa kidole uone. Weka zege au pevingi.

Unene wa lami nzito hauchaguliwi kwa kubahatisha. Unapaswa kuwa walau mara mbili na nusu hadi tatu ya kokoto kubwa iliyomo. Mchanganyiko wa kokoto za milimita 14 unahitaji si chini ya sentimita 4. Mtu akikuahidi sentimita 2 za "lami nzito" kwa bei nafuu, rola itavunja kokoto zenyewe kabla hazijapangika.

Hatua ya tano: uliza daraja la lami

Utaona 60/70 au 80/100 kwenye nyaraka. Si asilimia. Maabara huchukua sindano yenye mzigo wa gramu 100, huiacha izame kwenye lami yenye joto la nyuzi 25 kwa sekunde tano. Ikizama kati ya milimita 6 na 7, hiyo ni 60/70. Ikizama 8 hadi 10, ni 80/100, laini zaidi.

Lami nyeusi chini ya jua letu la Oktoba huweza kupita nyuzi 60 juu yake. Kwa lami nzito chukua 60/70. Ile 80/100 iache kwa lami nyepesi, ambako ulaini wake unasaidia kushika kokoto. Mahali malori mazito yanapotambaa polepole, omba lami iliyoongezwa polima. Ni ghali zaidi, lakini haitengenezi mifereji ya tairi upesi.

Hatua ya sita: piga hesabu yako mwenyewe

Chukua uwanja wa mita 30 kwa 20, yaani mita za mraba 600. Lami nzito ya sentimita 5 ni mita za ujazo 30. Mita moja ya ujazo iliyoshindiliwa ina tani 2.35 hivi, kwa hiyo unahitaji tani 70 na kidogo. Malori ya tani 20 yatakuwa matatu na nusu. Yakija mawili wakasema kazi imeisha, unajua cha kuuliza. Humo ndani mna lami yenyewe tani tatu na nusu.

Uwanja huo huo kwa lami nyepesi utakula kati ya lita 2 na 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa mikono yote miwili. Ni lita 1,200 hadi 1,500, mapipa sita hadi manane ya lita 200. Praimu ya chini, lita moja hivi kwa mita, ihesabu peke yake. Hesabu mapipa yakiingia, na hesabu matupu yakitoka.

Kabla ya kusaini, hakikisha mkandarasi amesajiliwa CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kwa kazi za barabara. Kama ua wako unaunganika na barabara kuu au ya mkoa, omba kibali TANROADS. Kama ni barabara ya mjini au ya wilaya, ni TARURA.

Hatua ya saba: siku ya kazi, simama hapo

Kazi ya lami ifanyike kati ya Mei na Novemba. Kwa lami nyepesi napenda Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa na joto, ili magari yapate wiki kadhaa za kukanyaga kokoto zikae kabla ya mvua ya Desemba. Tatizo la miezi hiyo ni upepo. Anzeni alfajiri kwa kufagia, nyunyizeni jua likishapanda, na upepo ukianza kupeperusha lami kando, simameni.

Kabla ya praimu, pitisha fuso lililojaa mchanga polepole juu ya msingi, wewe ukitembea pembeni ukiangalia tairi ya nyuma. Mahali udongo unapobonyea na kurudi kama godoro, chora duara kwa chokaa na pachimbwe upya. Praimu ikishapakwa, ipe siku moja hadi mbili ikauke. Ikishika kiatu, bado.

Kokoto za lami nyepesi, chukua kiganja chake utie kwenye ndoo ya maji safi. Maji yakiwa ya uji, zioshwe. Kokoto yenye vumbi hushika vumbi lake, haishiki lami, na itang'oka yote.

Lami nzito ikifika, panda ngazi ya lori na utazame chini ya turubai kabla haijamwagwa. Ikitoa moshi wa bluu imeunguzwa mtamboni. Ikiwa imeganda madonge na kokoto hazing'ai, imepoa njiani. Chomeka kipimajoto katikati ya mzigo: chini ya nyuzi 130, rudisha. Rola imalize kazi kabla ya kushuka chini ya nyuzi 90, na kwenye upepo wa hapa sentimita 5 hupoa ndani ya dakika chache. Kwa hiyo rola isiende kunywa chai. Unene wapime mwenyewe kwa msumari uliochorwa alama, kila baada ya mita tano, lami ikiwa bado ya moto.

Baada ya kukabidhiwa

Lami nyepesi usiruhusu gari kupita mwendo wa zaidi ya kilomita 30 kwa saa wiki ya kwanza, na kokoto zilizolegea zifagiliwe baada ya siku chache. Lami nzito iache ipoe usiku mzima kabla ya kuegesha.

Kila Novemba, kabla ya wingu la kwanza, tembea uwanja wote na fimbo na chaki. Ufa unaoingiza ncha ya kisu uzibwe kwa lami ya moto wiki hiyo hiyo. Shimo likate kingo zake ziwe za mraba hadi ufikie kifusi kigumu, paka lami kuta zake, kisha jaza lami baridi na uishindilie ikae juu kidogo ya uwanja, kwa sababu magari yatamalizia kuibonyeza.